Kipimo cha Mafiga

Kitu cha kwanza kukatwa asubuhi ile ya Jumapili hakikuwa mti. Kilikuwa ufito wa shemeji.

Mayala, kaka wa marehemu mume wa Felisita, aliuacha Jumamosi umeegemea ukuta wa jiko lake. Alikuja na kopo la rangi nyekundu kupima mijohoro iliyozunguka uwanja. Anausimamisha ufito kwenye shina, anapiga alama, anahamia jingine, bila hodi, bila hata kumpa mwenye nyumba mwangaluka, salamu yake ya asubuhi. Nguzo za zizi langu jipya, alisema alipomaliza. Jumatatu nakuja na vijana na mkokoteni.

"Ufito usiuguse, shemeji. Nitarudia kupima."

Ng'ombe wa kuingia zizi hilo Felisita aliwajua kwa rangi zao. Walianza kutolewa kwake mmoja mmoja watu wangali wanakula ugali wa msiba. Likafuata plau. Ikafuata baiskeli. Na kila mara aliambiwa, mayu, mama yetu, ya zamani tuyaache. Wanaopenda ya zamani yaachwe utawajua: ndio wenye zizi lililojaa. Felisita hakuyaacha hata moja. Mijohoro ile aliipanda mwenyewe, akaimwagilia maji ya kufulia kiangazi kizima, mume wake akimcheka kwamba ameoa bwana misitu.

Hakusahau kikao cha ukoo pia. Mayala alisimama mbele ya watu wote akagawa kwa mdomo wake: kilichosimama kwenye kiwanja ni cha ukoo, kuni na vyungu ni vya mama huyu, asiguse mtu. Wengine walicheka chinichini. Ilikuwa namna ya kumwambia kwamba hana kitu. Felisita aliyahifadhi maneno hayo kama watu wanavyohifadhi mbegu ya mahindi, juu ya moshi, yasiingie wadudu.

"Kata huu kwanza," alimwambia Kasmiri, fundi wa msumeno wa mashine aliyemwita kutoka Bariadi mjini.

"Mayu, si wa kupimia huu?"

"Ndiyo. Na sisi tunapima."

Aliulaza jikoni katikati ya mafiga, akaacha nje urefu wa kushika mtu anaposukuma kuni motoni, akakwaruza alama kwa kisu. Msumeno ukanguruma mara moja tu. Ufito wa Mayala ukawa kijiti.

"Vipande vyote viwe hivi. Kisizidi hata kimoja."

"Kuni tu hizi, mayu. Moto hauna futi kamba."

"Moto hauna. Mayala anayo. Kikizidi kitaitwa nguzo fupi, kitaitwa mguu wa kitanda, kitaitwa chochote na kitaondoka."

Kasmiri akaangusha mti wa kwanza, akaupandisha juu ya magogo mawili ili mnyororo wa msumeno usile udongo. Aliweka kijiti juu ya shina, anachora kwa mkaa, anakata, anaweka tena. Felisita alipanga kuni ukutani mwa jiko. Jua lilipokuwa kali aliona rundo limetoa tumbo: kuni za juu zilikuwa zimechomoza mbele ya zile za chini. Akachukua kijiti akapima. Zilizidi vidole vinne.

"Kasmiri. Umeacha kijiti."

"Kilikuwa mbali. Nilipimia kipande nilichokata mwisho. Ni kilekile tu."

"Si kilekile. Kila kimoja kimemzidi mwenzake kidogo. Ng'ombe wangu waliondoka hivyohivyo, baba, kidogo kidogo, na kila mara niliambiwa ni huyu mmoja tu."

Kasmiri akazima mashine. Akaangalia rundo, akaangalia alama nyekundu kwenye magome, akaanza kurudia moja baada ya nyingine bila kunung'unika. Kijiti alikichomeka kwenye mkanda wa suruali.

Mti wa mwisho ulipoanguka, jua liliingia mpaka mlangoni, mahali ambapo halikuwa limefika kwa miaka. Felisita aligeuka akatazama ukuta mpaka mashine iliponyamaza.

Jumatatu Mayala alifika na mkokoteni, na vijana wawili wa ukoo, Shija na Doto. Alisimama kwenye visiki kama mtu aliyekosea nyumba.

"Miti iko wapi?"

"Mwangaluka, shemeji."

"Felisita, nimeuliza miti ya ukoo."

"Kilichosimama ni cha ukoo. Sasa tafuta kilichosimama."

Rundo lilikuwa limenyooka kama ukuta uliopigwa lipu, na doa jekundu hapa na pale. Mayala alilizunguka. Akachomoa ukuni wa juu.

"Huu ni mrefu. Huu ni nguzo."

Felisita akampa kijiti. "Pima. Ni ufito wako, unaujua."

Alipima. Akachomoa wa katikati, akapima. Akapiga goti akachomoa wa chini kabisa, rundo likatetemeka, akapima. Shija alijifanya anakohoa.

"Pakieni," Mayala alisema.

Hakuna aliyesogea.

"Baba mkubwa," Shija alisema, "kwenye kikao nilikuwepo. Ulisema kuni ni za mayu."

"Nilisema kuni. Sikusema miti."

"Hizi ni nini?"

"Mimi niliitwa kubeba nguzo," Doto akadakia. "Kuni za mjane sipakii. Nitachekwa mnadani Sapiwi mpaka nizeeke."

Mayala akakumbatia mzigo mwenyewe, kuni zikimchoma kifuani. Felisita akavua kanga begani, akaizungusha taratibu ikawa ngata, akamnyooshea.

"Ukichukua kuni, zibebe kama tunavyozibeba sisi wanawake. Weka kichwani. Halafu pita dukani kwa Faki, pale barabarani, watu wakuone."

Mayala akaitazama ngata. Kisha akafungua mikono, kuni zikaanguka miguuni pake.

"Umejikatia kivuli mwenyewe. Utakaa wapi?"

"Juani. Mjohoro ukikatwa unachipua, shemeji. Ukikua, njoo na ufito mwingine. Kijiti ninacho."

Mkokoteni uliondoka mtupu. Felisita akaokota kuni moja moja, akazirudisha, akizigonga ncha kwa kiganja zilingane. Zenye alama nyekundu akazipanga juu kabisa, zionekane kutoka barabarani.