Skrubu ya Rangi

"Usiichukulie kama redio, fundi," alisema Zuleha, meno yakimgongana. "Redio ukiikosea itakoroma, utajua. Hii haikoromi. Hii inakudanganya kimya kimya."

Alikuwa amelala wodi ya wanawake, blanketi limefika kidevuni. Juu ya blanketi, pale ambapo mgonjwa mwingine angewekewa bakuli la uji, ilikaa kadi ya saketi iliyotolewa kwenye mtambo wa kamera ya televisheni ya rangi. Hhando, fundi redio wa karibu na soko la Karatu, alikaa kwenye stuli pembeni ya kitanda, kofia yake magotini.

Zuleha alikuwa mzaliwa wa Unguja, fundi mitambo wa wageni waliokuja kupiga picha Ngorongoro. Malaria ilimshika Mto wa Mbu, akasema mficha maradhi kifo humuumbua, akaomba apelekwe hospitali kabla hajaanza kuweweseka. Mtambo nao uliugua njia ile ile. Barabara ya kupanda kutoka bonde la ufa ilikuwa imekatika vibaya mwaka ule wa themanini na tano, na mtikisiko ulikipasua kidude kimoja cha saketi, kapasita ndogo yenye skrubu kichwani. Hhando alikuwa ameshabandika nyingine, aliyoing'oa kwenye redio iliyokufa zamani. Kazi ya solda ilikuwa safi, hata Zuleha aliisifu. Ilibaki kuiweka sawa.

"Umeshaona wanawake wawili wanatwanga kinu kimoja?" aliuliza Zuleha.

"Kila siku."

"Basi humu mna mawimbi mawili. Moja linapiga mapigo ya mwongozo, halibadiliki. La pili linabeba rangi. Mtwangaji wa pili akichelewa kidogo, nyekundu inageuka njano. Akizidi kuchelewa, inageuka kijani. Kule kuchelewa ndiko kunakoitwa fezi. Saketi hii kazi yake moja tu, kumsogeza yule wa pili mbele au nyuma mpaka waelewane. Na skrubu hii ndiyo mkono wake. Usiiweke sawa hapa mjini. Baridi ya huko chini Kreta itaisogeza. Iweke ukiwa pale pale."

"Nitajuaje kwamba imekaa?"

"Tazama uso wa mtu kwenye ile televisheni ndogo garini. Majani watu huyakosea, mbingu watu huisamehe. Lakini uso ukiwa na rangi siyo, hata mtoto mdogo ataona."

Hhando alitazama ukutani. Alisema, "Sawa, dada," akaifunga kadi kwenye kitambaa na kutoka.

Hata mtoto mdogo ataona. Hhando alikuwa na miaka arobaini na moja na hakuwahi kuona. Nyekundu na kijani, kwake, ni majina mawili ya kitu kimoja kikavu, rangi ya nyasi za Septemba. Huo ni msiba mdogo kwa mkulima na mkubwa kwa fundi redio, maana rezista huandikwa thamani yake kwa vipete vya rangi, na atakayesoma kipete vibaya ataunguza redio ya watu. Kwa hiyo alipima kila kitu. Hata kilichoandikwa alikipima. Karatu nzima ilimwita Fundi Mita na kumsifu kwa uangalifu wake, wala yeye hakuwahi kuwasahihisha. Betri za mita zilipoadimika madukani, mkewe Naisenya ndiye aliyekaa mlangoni kila asubuhi akizipanga rezista kwenye viberiti vitupu, kila aina na kiberiti chake. Wapita njia walidhani anachambua shanga. Aibu ya maiti aijuaye mwosha, na Naisenya aliapishwa asimwambie mtu, hata baba yake.

Hasa baba yake.

Miaka kumi na mmoja nyuma, Mzee Senteu, Mmaasai, alipokubali kumwoza binti yake Naisenya kwa Mmbulu wa Rhotia, jambo ambalo wenzake walimcheka, aliomba kitu kimoja nje ya mahari ya kawaida. Ulikuwa mwaka ule ule Wamaasai walipohamishwa kutoka chini Kreta, ndani ya shimo la Ngorongoro, na katika hekaheka za kuhama alipoteza ng'ombe wake mwekundu, uzao wa ng'ombe wa mama yake. Akasema: niletee mtamba mwekundu, asiye na doa, nianze upya. Hhando alikwenda mnadani peke yake, akazunguka tangu asubuhi, akachagua, akamswaga mtamba siku mbili mpaka bomani. Wazee walitoka kumwona. Alikuwa wa rangi ya vumbi. Senteu alimpokea kwa sababu neno lilikuwa limeshatoka, lakini tangu siku ile hakukanyaga nyumba ya Hhando. Wajukuu wawili walizaliwa, akawabariki kwa salamu za kuagiza. Hhando angeweza kusema. Aliogopa kusema. Mtu asiyejua rangi ya ng'ombe, kwa mfugaji, ana tofauti gani na kipofu, na nani alimpa kipofu binti?

Sasa wageni walitaka kumpiga picha Senteu pale pale boma lake lilipokuwa, na kibali cha kushuka kilikuwa cha asubuhi moja, mpaka saa sita. Saruni, mdogo wake Naisenya, aliyekuwa mkalimani wao, ndiye aliyewatajia jina la shemeji yake.

"Nataka wanangu siku moja wamwone kwenye picha babu yao amesimama alipozaliwa," Naisenya alisema alfajiri ile, akifunga kanga. "Na mimi nitakaa nawe garini. Wewe geuza, mimi nitakwambia."

Huo ndio ulikuwa mpango, na ulikuwa mpango mzuri mpaka langoni.

Mlinzi wa lango alisoma kibali taratibu, kidole kikifuata majina. Mgeni mmoja mpiga picha, yupo. Saruni, yupo. Mzee Senteu, wangemkuta juu ya ukingo wa Kreta. Fundi mitambo mmoja, haya, atakuwa huyu. "Na mama?"

"Ni mke wangu," alisema Hhando. "Ananisaidia kazi."

"Naona, kaka. Lakini hayumo. Karatasi imepigwa chapa hivi, mimi siwezi kuongeza mtu kwa kalamu."

Saruni alibembeleza, akatania, akamtaja mpaka shangazi wa mlinzi. Haikusaidia. Naisenya alishuka na kuubana mkono wa mumewe kidogo kabla ya kuuachia.

"Mwambie Saruni akuangalizie," alinong'ona.

"Saruni ana mdomo."

"Basi mwambie baba," alisema, na safari hii hakunong'ona. Akageuka, akaanza kutafuta lifti ya kurudi Karatu.

Chini Kreta ukungu ulikuwa bado haujainuka vizuri. Mzee Senteu aliteremka garini bila kusaidiwa, akatembea hatua kama mia moja, akasimama mahali ambapo macho ya mtu mwingine yasingeona kitu isipokuwa nyasi. Akaingiza fimbo ardhini. Walipokwangua, walikuta samadi ya zamani, nyeusi, imeshikana na udongo. Mzee alikaa juu ya jiwe, shuka likimfunika magoti, akasubiri aulizwe.

Mgeni alisimamisha kamera. Kwenye kitundu chake cha kuchungulia picha ni nyeusi na nyeupe, na ndivyo kamera hizo zilivyo, mwenye kamera hashughuliki na rangi. Rangi ni kazi ya mtu wa garini. Waya mnene ulitoka kwenye kamera ukapita nyasini mpaka nyuma ya Landrova, na huko, chini ya kitambaa cheusi cha kuzuia jua, aliketi Hhando na bisibisi yake, uso kwa uso na baba mkwe wake ndani ya kioo kisichozidi daftari la shule.

Hakuwahi kumtazama hivyo. Mkwe hamkodolei mkwewe macho. Aliyaona makunyanzi, masikio yaliyotobolewa, mdomo uliojifunga. Akagusa skrubu, akaigeuza taratibu kulia. Uso ukabaki uso. Akaigeuza kushoto. Kulikuwa na kitu kinahama, alikihisi, kama mtu anayesikia watu wanaongea nyuma ya ukuta, lakini maneno hakuyapata.

"Shemeji!" Saruni aliita. "Mgeni anauliza, rangi tayari?"

"Bado!"

Jua lilipanda. Saruni akaita tena, akajibiwa tena bado. Mara ya tatu Hhando alifungua mdomo kusema tayari. Ni rahisi kiasi gani! Utepe wa picha utakwenda ng'ambo, miezi itapita, Zuleha atalaumiwa au barabara italaumiwa. Nani atamuuliza fundi wa Karatu? Lakini akilini aliwaona wanawe siku moja wakiwa wamekaa mbele ya kioo kikubwa zaidi, babu yao akitokea na uso wa chura mahali alipozaliwa. Akaona kwamba atakuwa amempelekea mzee mtamba wa pili.

Akaweka bisibisi chini na kutoka kwenye kitambaa. Alikuwa na hofu kweli, hofu ya mtu anayekwenda kuvunja duka lake kwa mikono yake. Alisimama upande wa chini wa jiwe, macho ardhini.

"Baba, naomba uje garini."

Senteu alimjibu akitazama mbele. "Mimi nimeambiwa kukaa hapa."

"Saruni atakaa badala yako kidogo. Naomba macho yako. Mimi sioni nyekundu."

Saruni, ambaye alizoea kutafsiri kila neno, hakutafsiri hilo. Mgeni alimtazama huyu na yule, akaamua kuwasha sigara.

"Leo huoni?" aliuliza mzee.

"Sijawahi kuiona."

Mzee akachomoa fimbo ardhini. Alipopita mbele ya mwanawe alimwonyesha jiwe kwa kidevu, na Saruni akakaa.

Chini ya kitambaa cheusi hapakuwa na nafasi ya heshima. Mabega yaligusana. Mzee alinusa risasi ya solda, akasogeza uso karibu na kioo.

"Huyu ni Saruni?"

"Ndiye."

"Mbona iko kama mtu amelala na nyasi mdomoni? Kijani mpaka meno."

Hhando akageuza. "Sasa?"

"Bado. Sasa imekuwa mgonjwa wa manjano. Endelea... endelea... ee, umepita! Sasa ni kama mtu amepakwa damu. Rudi. Kidogo, wewe, si kwa haraka hivyo. Rudi tena." Mkono wa mzee ulishuka juu ya mkono wa Hhando, mkavu na mzito, ukabaki pale, wakageuza pamoja. "Hapo. Wacha. Hapo ndiyo mtoto wangu."

Hhando aliinua bisibisi kama mtu anayeinua yai kiotani.

Mzee hakutoka. Aliendelea kutazama kioo, ambamo Saruni alikuwa anajikuna shingo akidhani haonekani.

"Ile siku ya mnada," alisema mwishowe. "Uliona nini?"

"Niliona mtamba mwekundu, baba. Nilizunguka tangu asubuhi mpaka nikampata."

Nje mgeni alikohoa. Mzee alivuta pumzi ndefu, na ilipotoka ilitoka vipande vipande.

"Mimi nimekuchukia wewe miaka kumi na moja," alisema. "Yule ng'ombe amezaa mara saba. Kila ng'ombe wangu iko na jina. Ile sikuipa." Kisha sauti ikapanda. "Na Naisenya alijua?"

"Alijua. Mimi ndiye niliyemwapisha."

"Basi uliniibia mtoto. Nilikuwa napita Karatu kwenda mnadani, nazunguka kwa nyuma ya soko nisione mlango yake. Kwa ajili ya mdomo wako kufungwa!"

Hhando alisema, "Nisamehe, baba," na mzee hakusema amesamehe. Aliinua kitambaa, akatoka kwenye mwanga.

Alizungumza mbele ya kamera mpaka karibu saa sita. Alionyesha lilipokuwa lango la boma, walipolala ndama, kilipozikwa kitovu chake. Hhando alilinda ile skrubu bila kuigusa, na jasho lilimtiririka ingawa kulikuwa na baridi. Alijua Saruni amesikia. Kufika jioni wangejua wauza nyanya, na kesho mtu angekuja kuchukua redio yake kabla haijatengenezwa. Iwe. Alichoshangaa ni kwamba kifua chake kilikuwa chepesi.

Walipokuwa wanakunja waya, kundi la ng'ombe lilikuwa linatoka kulamba udongo wa chumvi, vijana wawili wakiliswaga kurudi juu kabla muda wao wa kibali haujaisha. Njia yao ilipita karibu na gari. Hhando alijisogeza pembeni kumpisha mzee atazame, maana mfugaji huyo asingepitwa na ng'ombe bila kuwakagua.

Senteu alimshika kifundo cha mkono, akamvuta mpaka wakasimama sambamba, vumbi la kwato likianza kuwafikia.

"Narok," alisema kwa Kimaasai, akielekeza fimbo. "Nyeusi."

"Nyeusi naijua, baba."

"Sema."

"Narok."

"Ile nyuma yake, naibor. Nyeupe."

"Naibor."

Ng'ombe wa tatu alikuja taratibu, akitafuna, mwili wake kwa Hhando ukiwa rangi ile ile ya nyasi alizokanyaga, kiasi kwamba aliona pembe kwanza, kisha macho. Fimbo ya mzee ilinyooka, ikakaa juu ya mgongo wa mnyama bila kuugusa, ikamfuata hatua kwa hatua.

"Nanyokie, nyekundu," alisema Senteu, na akasubiri.