Wavamizi wa Ukurasa wa Kumi na Tisa

Kijitabu kilikuwa wazi juu ya meza, na neno moja lilikuwa limepigiwa mstari kwa wino mwekundu hata karatasi ikatoboka. Aliyeishika kalamu ile hakuwa amelala vizuri.

"Soma, Mwalimu. Kwa Kiswahili, na polepole," alisema Ndugu Abdalah, msimamizi wa ulinzi wa wilaya yetu ya Kibondo. Alikuwa mtu wa Kilwa, na miaka minne ya baridi ya huku juu haikuwa imemfundisha kuvua sweta.

Kwenye benchi, magoti yamebanana, aliketi Ishida, Mjapani aliyekuwa akituchimbia visima kijijini Kitahana. Kijitabu kilikuwa chake. Kaka yake alifanya kazi katika kampuni moja ya Osaka, na kampuni hiyo ilikuwa imechapisha historia yake kwa Kiingereza ili wanunuzi wa nje waisome. Wakati wowote mwingine ingekuwa zawadi tu ya ndugu kwa ndugu. Lakini hii ilikuwa Novemba ya mwaka 1978, wiki chache baada ya majeshi ya Uganda kuvuka mpaka kule Kagera, na kila bahasha ya kigeni ilikuwa na maelezo ya kutoa.

Nilianzia mwanzo, maana mwalimu mwenye hofu huanzia mwanzo. Ernesta, mpiga chapa, akanifuata kwa vidole kwenye mashine yake. Kampuni ilizaliwa katika chumba kimoja, baba na wanawe wawili wakikata karata zenye picha za maua. Karata zilipokosa wanunuzi, wakatengeneza farasi wa mbao wanaotikisika ukiwatumbukizia sarafu. Baadaye masanduku ya muziki ya mahotelini. Na sasa, televisheni ambayo mtu haiangalii tu, anacheza nayo.

"Kila wakikwama wanageuka," alisema Ndugu Abdalah. "Watu wa kugeukageuka mimi siwaamini. Nenda ukurasa wa kumi na tisa."

Nikafungua. Neno lenye mstari mwekundu nililijua. Kiswahili chake kilikuwa redioni asubuhi, mchana na jioni: wavamizi.

Niseme ukweli, sikumwogopea Ishida peke yake. Mimi naitwa Reverien Niyibizi. Huko Burundi wako akina Niyibizi wa kujaza uwanja wa mpira, na mwaka ule nilikuwa nimeulizwa mara mbili babu yangu alizaliwa wapi. Jina lenyewe maana yake Mungu ndiye ajuaye, jibu ambalo ofisini halikuwaridhisha.

Nikatafsiri, "Wageni wanashuka kutoka angani, mstari kwa mstari. Linda kituo chako."

"Wageni?"

"Wageni, Ndugu."

"Kwenu huku Buha mgeni akija mnalinda kituo? Hamumpi hata maji?"

Mashine ya Ernesta ilinyamaza.

"Nimesoma mpaka darasa la kumi, Mwalimu. Neno hilo nalijua. Nilitaka kuona kama utanidanganya." Akaonyesha benchi kwa kidevu. "Kaa pale, karibu na rafiki yako."

Nikakaa. Benchi lile nilikuwa nimelipita mara nyingi, sikujua kuwa ni fupi kiasi kile. Nikaona jinsi safari ya kwenda Kigoma chini ya ulinzi ingekuwa, na mke wangu, akidhani nasafiri tu, akiniuliza kwenye dirisha la gari nimesahau nini.

"Jamani, Mwalimu, si ungesema tu," alinong'ona Ernesta.

"Ndugu," nikasema, "neno ni wavamizi. Nilidhani nikilipunguza makali nitamsaidia huyu. Nimemchongea."

Ishida akaomba penseli. Kiswahili chake alikuwa amejifunza kwa wachimbaji wa Kitahana, kwa hiyo alizungumza kama mtu aliyeko shimoni, kwa sauti ya juu. "Mchezo tu, Ndugu! Tia sarafu, cheza!" Akachora mistari mitano ya vidude, chini yake kibanda, na chini kabisa bunduki ndogo.

Ndugu Abdalah akainama. Akageuza karatasi, akairudisha.

"Huyu pweza," alisema.

"Ndiyo! Pweza!"

"Huyu mwingine kaa." Alivuta kiti. "Kwetu pweza tunamponda kwa fimbo, tunamtia nazi. Anavamia nani, pweza?"

Ernesta, ambaye bahari hajawahi kuiona, akanyoosha shingo. "Miguu yote hiyo ya nini?"

"Ya kukimbilia chungu kilipo," nikasema, nikajuta papo hapo. Lakini Ndugu Abdalah alitoa pumzi puani, na kwa mtu kama yeye hicho kilikuwa kicheko.

Kisha ukali ukamrudia usoni. "Anayecheza anashinda lini?"

Ishida alitafuta neno. "Hashindi. Ukiwaua, wanakuja wengine. Mbio zaidi."

"Na anajua?"

"Anajua."

"Na anatia sarafu."

"Wanapanga foleni, Ndugu."

Ndugu Abdalah alikunja kijitabu, akakitia kwenye droo ya meza. "Yeye arudi kisimani. Hiki kinabaki. Ernesta, andika wavamizi, kama lilivyo. Mwalimu ataweka jina lake lote chini yake."

Ningeweza kuandika R. Niyibizi, herufi moja na mkwaruzo wa kalamu, kama nilivyozoea. Nilishika kalamu nikaanza na Reverien.

Nje, uwanjani, vijana wa mgambo walikuwa wakiitwa majina ili wapande lori la kwenda vitani. Kila jina lilijibiwa kwa nguvu: "Nipo!" Ishida alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi, hatoki. Nilifika kwenye herufi ya mwisho jina moja lilipoitwa, likaitwa tena bila kujibiwa, na Ndugu Abdalah akainua kichwa, akisubiri kama sisi.