Ngozi ya Ndama

Masika ya mwaka 1977, Eufrasia alipoteza mimba ya miezi mitano katika hospitali ndogo ya misheni, upande wa Kharumwa. Ilikuwa ya pili kuharibika tangu amzae Esta. Asubuhi yake Daktari Herman alikuja akaketi kando ya kitanda. Mabula, mumewe, alikuwa amesimama dirishani.

"Naomba ruhusa yenu," daktari alisema. "Nimpeleke mtoto na kondo la nyuma maabara, Mwanza, wachunguze kwa nini mimba zinatoka."

Eufrasia aligeuzia uso ukutani. Daktari, naye mtoto wa wafugaji, akajaribu njia nyingine. "Ndama akifa, si tunamchuna, tunamwekea mama yake ile ngozi ainuse, maziwa yashuke? Aliyekufa anawafaa waliobaki."

"Kweli kabisa," Mabula alisema. "Na si sisi tuliomuua huyu mtoto."

"Ng'ombe anadanganywa kwa ile ngozi," Eufrasia alisema. "Anadhani mwanawe yu hai, na maziwa tunakunywa sisi. Baba Esta, umeona wapi ng'ombe akiombwa ruhusa?"

"Basi tuseme ni kama maiti ya mtu mzima. Ndugu ndio huamua," Mabula alisema.

"Ya mtu mzima, ndugu wanajua mwenyewe angetaka nini. Huyu angetaka nini?"

Daktari alikunja mikono yake mapajani.

"Niache mifano, mama. Sijui kilichomuua. Tukichunguza huenda tukajua, huenda tusijue. Ukikataa, nitakutibu vilevile."

Hapo ndipo Eufrasia alipolia, kwa mara ya kwanza tangu uchungu umshike. Alipotulia aliuliza, "Kondo ni la nani? Langu au lake?"

"Lenu wote wawili."

"Basi chukua kondo. Mtoto nakwenda kumzika."

Njiani Mabula alimbeba mtoto katika kifurushi cha khanga. Walipokaribia nyumbani alisema, "Wasipoona kitu kwenye kondo, utajilaumu."

"Nitajilaumu."

Eufrasia na mama mkwe wake wakamzika nyuma ya nyumba.

Majibu yalikuja baada ya mavuno: kondo lilikuwa limejaa vijidudu vya malaria. Mimba iliyofuata Eufrasia alimeza klorokwini kila wiki, dawa ya malaria chungu ya kutapisha, akajifungua mtoto wa kiume, mzima. Wakamwita Cornel.

Mabula aliendelea kusema kwamba wangempeleka na yule mtoto wangejua mengi zaidi. Mkewe alimwacha aseme.