Vumbi la Kwenye Boriti

Karakanani walimwita Mama Ufagio, ingawa ndiye aliyewasimamia mafundi wote. Walisugua vifuniko vya injini vya magnesiamu, chuma chepesi ambacho vumbi lake hushika moto kama baruti, na maji huuchochea moto huo. Kila jioni aliwataka walikusanye polepole, kwa brashi laini.

Mdogo wake wa kiume, fundi wa jiwe la kusugulia, hakuwa na subira hiyo. Dada akigeuka tu, yeye huyo na mpira wa kompresa, anapuliza. Meza inang'aa, vumbi linapanda kwenye boriti.

"Umelihamisha, hukuliondoa," dada alimwambia asubuhi moja, akitazama juu. "Leo hatuwashi mashine mpaka boriti zifutwe."

"Dada nawe! Limelala huko siku zote, limemng'ata nani?"

Mafundi wakaangua kicheko. Dada hakutaka kumwaibisha ndugu yake mbele za watu.

"Haya, endeleeni. Tutazifuta boriti mchana."

Mchana haukufika. Cheche iliruka kutoka kwenye jiwe la kusugulia ikaangukia trei ya kukusanyia vumbi, ukawaka mwali mweupe wa kuumiza macho. Mama Ufagio alikimbilia pipa la mchanga mkavu. Alipogeuka na koleo lake, mdogo wake alikuwa amenyanyua ndoo.

"Si maji! Weka chini!"

Yalikwisha kumwagika. Trei ikalipuka usoni pake, paa likatikisika, na vumbi la kwenye boriti likaanza kushuka kama unga unaochekechwa.

"Nje! Wote nje!"

Akamkamata ndugu yake ukosini, akamburuta. Walikuwa ndiyo kwanza wanavuka kizingiti pale mlipuko wa pili ulipong'oa mabati.

Hakufa mtu. Ila mdogo wake aliungua mikono yote miwili, na jicho la kushoto likapofuka.

Hospitalini, fundi mmoja alimnong'oneza mama yao, "Ndiyo hivyo, mama. Asiyesikia la mkuu..."

"Na mkuu mwenyewe alisema nini?" mama akauliza, akimkazia macho binti yake.

Dada angeweza kutaja maonyo yake ya miaka. Alimtazama ndugu yake, bandeji hadi viwikoni.

"Nilisema haya, endeleeni."

Mama akageuza uso, akaendelea kumlisha mwanawe supu kwa kijiko. Mgonjwa akasogeza miguu, akamwachia dada nafasi ukingoni mwa kitanda. Ilimchukua muda kukaa.