Chumvi ya Juu ya Meko

Elina alirudi kutoka shule pale Ihanda ameloa chapachapa, macho yamemvimba kwa kulia. Akautupa ubao wake wa fizikia karibu na meko: betri tatu za redio, nyaya, misumari miwili na taa ndogo nyekundu.

"Mke mwenzangu, nani amekunyang'anya bwana?" Bibi Anastazia akamtania.

Elina hakucheka. Mbele ya darasa zima alikuwa amesema chumvi kavu haipitishi umeme, mpaka iyeyuke majini au kwa moto mkali. Akachomeka misumari kwenye chumvi kavu, na taa ikawaka! Kwa kufifia, lakini iliwaka. Rubeni, mshindani wake darasani, akapaza sauti, "Profesa wa uongo!" Kesho asubuhi angerudia jaribio. Akishindwa, Rubeni ndiye angeiwakilisha shule kwenye mashindano ya sayansi kule Vwawa.

"Labda sina akili, Bibi."

Bibi aliishia darasa la nne, habari za nyaya hazijui. Chumvi anaijua. "Uliitoa wapi?"

"Kwenye kifuko cha dirishani."

Bibi akakichukua, akaminya. Chumvi ikamganda vidoleni. "Masika haya, ukungu unaingia mpaka kitandani. Hii imeshalia, mjukuu wangu. Ndiyo unaiita kavu?"

Akanyoosha mkono juu ya meko, zinakoning'inia mbegu za mahindi, akashusha kopo jeusi kwa moshi. Tangu aolewe, chumvi ya nyumba ile hukaa pale. Aliyeanza kuiweka dirishani ni Elina mwenyewe, eti hataki harufu ya moshi.

Misumari ikazama kwenye chumvi ya kopo. Taa, kimya. Elina akachota chumvi kidogo, akaitia kwenye kikombe, akamimina maji, akakoroga, akatumbukiza misumari. Taa ikawaka wekundu mkali, viputo vikipanda.

"Kitendawili," Bibi akasema.

"Tega."

"Wachumba wamekumbatiana ndani ya jiwe. Wakinyweshwa maji, kila mmoja anashika njia yake."

Elina akatabasamu. Kumbe wiki nzima alipokuwa akisoma kwa sauti, Bibi alikuwa akisikiliza. "Chumvi! Chembe chanya na chembe hasi. Zikikumbatiana hazitembei, umeme unakosa wa kuubeba. Maji yakiziachanisha, zinaubeba."

"Na moto mkali?"

"Nao huziachanisha." Akakitazama kile kifuko. "Hata hii naibeba kesho. Nitawaonyesha nilipokosea."

Bibi alikaza kifuniko cha kopo, akalizungushia kitambaa mara mbili, ukungu wa njiani usije ukaionja.