Kona za Kituo cha Kumi

Jovitus alikuwa seremala wa Nyamiaga, na kama kuna kitu alichojivunia maishani ni kona zake. Alikata vipande viwili vya mninga mshazari, kila kimoja digrii arobaini na tano, akavikutanisha vikawa kama vimeota pamoja. Mafundi wengine walijaza mianya kwa vumbi la mbao lililokorogwa na gundi. Yeye aliita huko kumpaka maiti poda.

Kigango kimoja, kanisa dogo la Kikatoliki upande wa Bukiriro, kilimpa kazi ya fremu kumi na nne za picha za Njia ya Msalaba. Alimwambia mkewe, Scolastica, "Nikifa, watanikumbuka kwa hizi." Akamaliza tisa, zikatundikwa.

Kwaresima mkono wa kulia ulianza kutetemeka. Kwanza alidhani ni uchovu. Daktari alimwambia ni ugonjwa wa neva, kwamba dawa zitautuliza lakini hazitauponya.

Hata hivyo akaanza fremu ya kumi, ya Kituo cha Kumi. Msumeno ulikuwa ukiruka kabla haujashika njia. Kosa lenyewe lilikuwa dogo kama unywele, ila fremu ina kona nne, na makosa yote huenda kujikusanya kwenye kona ya mwisho. Tatu zilifunga. Ya nne ikaacha mwanya unaoingia ukucha. Alikata upya, kipande kikawa kifupi kuliko mwenzake wa upande wa pili. Akapunguza na huyo mwenzake. Fremu ikawa ndogo kuliko picha. Mara tano alirudia, hadi ikabaki mbao ya jaribio moja tu.

"Mama Irine, njoo unishike."

Scolastica alikishika kifundo cha mkono wake kwa mikono yote miwili. Wakakata hivyo, polepole. Nusu ya njia Jovitus alihisi mtetemo mwingine juu ya ule wake. Aligeuka, akakuta mkewe analia.

Kona haikufunga. Jioni ile alikoroga vumbi na gundi, akajaza, akapiga msasa, akapaka vanishi. Kesho yake akaipeleka kigangoni kwa bodaboda.

"Shikamoo mzee," alisema Elick, katekista, akiipokea fremu. Aliigeuzageuza kwenye mwanga. "Mikono yako imebarikiwa kweli."

Jovitus alimtazama usoni aone kama anamdhihaki. Hakuwa anamdhihaki.

"Tazama kona ya chini, kulia."

Elick aliinama. "Naona safi tu."

"Si safi. Nimeijaza. Mkono wangu umekwisha, Elick. Hizo nne zilizobaki mtafute mtu mwingine."

Aliondoka kabla hajajibiwa. Miezi mitatu hakukanyaga pale. Scolastica, aliyesali Nyamiaga, alimbembeleza kila Jumapili aende kuziona, na hatimaye Jumapili moja akaenda peke yake.

Ukutani zilikuwepo fremu kumi na nne za alumini, zinang'aa, zote sawasawa.

Baada ya misa Elick alimvuta pembeni. "Mzee, usikasirike. Tulikosa fundi wa kulinganisha na zako. Kamati ikaona bora zifanane zote."

"Zangu ziko wapi?"

Zilikuwa stoo, zimeegemezwa nyuma ya viti vibovu. Jovitus alichukua ya juu, akapitisha kidole gumba kwenye kona zake, moja baada ya nyingine. Hakuna mahali ukucha uliponasa. Ilikuwa mojawapo ya zile tisa.

"Unaweza kuzichukua, kama zitakufaa."

"Za nini?" alisema, akairudisha mahali pake.

Nyumbani Scolastica alimpokea mlangoni. "Eh, Baba Irine, walipata fundi? Zimetundikwa zote?"

"Zote," alisema. "Kumi na nne."

"Mungu ashukuriwe!" Akachukua simu, akampigia dada yake wa Mabawe, akaanza kumweleza jinsi kazi ya mumewe inavyoonekana sasa ukutani kanisani. Jovitus aliingia chumbani, akalala na viatu vyake miguuni, mkono wa kulia ameulalia ili utulie. Haukutulia.