Wifi Hakukata Simu

"Wifi, huyo kaka yako anakoroma mpaka vikombe vinacheza kabatini!" mwenye duka la dawa alilalamika kwenye simu, na Sajenti, mezani kwake kituoni, akacheka hadi machozi yakamtoka. Ilikuwa saa tano asubuhi. Mara akasikia mwanamume akiomba dawa ya kikohozi, kisha kishindo, kisha sauti ileile: "Ukipiga kelele tunakumaliza. Ingia kwenye gari."

Sajenti akasimama, simu sikioni. Mwezi ule watu wanne walikuwa wametekwa mjini, na ndugu za wote wanne walimalizana na watekaji kimyakimya, kwa pesa. "Polisi mtatuharibia," walisema. Na polisi wenyewe walikuwa na nini? Pikapu moja iliyokauka mafuta tangu Jumatatu, na barua ya kuiomba kampuni ya simu ionyeshe simu fulani iko wapi, barua ambayo hujibiwa siku ya tatu, ukibahatika.

Lakini simu hii haikukatwa. Wifi yake, yule mwenye duka la dawa, alikuwa ameitumbukiza kwenye mfuko wa koti lake jeupe, na sasa alikuwa akipaza sauti kama mnadi.

"Jamani, mbona mnanipitisha daraja la reli? Mimi madaraja yananitia kizunguzungu!"

"Nyamaza, mama!"

Sajenti alitoka mbio. Nje ya kituo gari lililokuwa likinguruma lilikuwa moja tu, la shule ya udereva, likijifunza kurudi nyuma kati ya ndoo mbili. Usukani alikuwa ameushika mkunga mstaafu, mama mnene mwenye miwani, na pembeni yake mkufunzi wake alikuwa amefumba macho.

"Wifi yangu ametekwa!" Sajenti alisema, akijitupa kiti cha nyuma. "Daraja la reli!"

Mkufunzi alifungua mdomo kusema abadilishane kiti na mwanafunzi wake. Alichelewa. Mkunga aliposikia "ametekwa" hakungoja amri ya mtu. Gari liliruka kama chura, na ndoo moja ikaenda nalo.

"Kulia, mama! Washa taa ya kulia!"

Vifuta kioo vikaanza kucheza, na jua linawaka.

"Pumua, mwanangu," mkunga alimwambia Sajenti bila kugeuka. "Nimezalisha watu katika hali mbaya kuliko hii."

Kwenye simu Wifi aliendelea. "Kumbe kiwanda cha magodoro bado kinanuka gundi hivi! Na uchochoro wenyewe mwembamba, mtatokaje humu?"

"Uchochoro wa nyuma ya kiwanda!" Sajenti alipiga kelele.

Waliukuta. Gari la kijivu lilikuwa limesimama mbele ya geti la ghala bovu, kuta huku na huku, na mtekaji mmoja alikuwa amechuchumaa akihangaika na kufuli lililoota kutu. Mkunga alitaka kukanyaga breki, akakanyaga kila kitu. Gari lilizimika nyuma yao kabisa, likauziba uchochoro kama kizibo cha chupa. Sajenti alijilaza sakafuni.

Mtekaji wa pili, dereva, alishuka akifoka. "Mama, ondoa hili gari!"

"Najifunza, mwanangu. Nivumilie."

Akawasha, likazimika. Akawasha tena, likazimika.

"Siyo hivyo! Klachi kwanza!" Mtekaji alishindwa kuvumilia. Akafungua mlango, akainama ndani, akashika usukani. "Tazama mimi..."

Sajenti aliinuka. Pingu ikalia *ka*, upande mmoja kwenye kifundo cha mkono wa mtekaji, upande wa pili kwenye usukani.

Wa kwenye geti alipoona hivyo alitimua mbio. Alipokuwa akipita ubavuni mwa gari la kijivu, Wifi aliusukuma mlango kwa miguu yote miwili, ukampokea kifuani, naye akalala chali. Wafanyakazi wa kiwanda waliokuja kuangalia kelele walimfunga kwa kamba za magodoro, kwa mafundo ya kitaalamu.

Sajenti alipapasa mifuko yake. Ufunguo wa pingu ulikuwa kituoni.

Basi ikabidi mtekaji mwenyewe aendeshe, mkunga akimkosoa kutoka nyuma na mkufunzi akiwa ameweka mguu kwenye breki yake ya pili. Nyuma, pamoja na yule aliyefungwa kamba, walikalia mapaja ya wenzao. Wifi alicheka, akalia, akacheka tena, na Sajenti akamkumbatia njia nzima, naye hajui anacheka au analia.

"Nilidhani hunisikii, wifi."

"Ulivyopayuka vile? Hata marehemu bibi alikusikia."

Habari zilifika sokoni kabla yao. Alasiri, mwanamke aliyetekewa mume, mmoja wa wale wanne, alisimama mlangoni pa kituo, mkononi karatasi yenye namba ya simu ya watekaji aliyoificha muda wote ule.

"Niliogopa," alisema.

Sajenti alimvutia kiti. "Kaa, dada. Anza popote."